Shadowrun, Rifts, Eclipse Phase au Exalted: uchague ulimwengu upi, na kanuni zake uzifanye nini

Mchezo wa kuigiza wa mezani hauhitaji vitu vingi. Unahitaji watu wanne au watano, karatasi, kalamu, dadu, na kitabu kinachobeba mambo mawili kwa pamoja: ulimwengu ambamo wahusika wanaishi, na kanuni zinazoamua kama jambo walilokusudia limefanikiwa au limeshindikana. Mambo hayo mawili mara nyingi hayakuandikwa kwa ustadi ulio sawa. Vipo vitabu ambavyo ulimwengu wake humkalisha msomaji macho hadi usiku wa manane, lakini kanuni zake zinapofika mezani, wachezaji hunyamaza wakisubiri mtu mmoja apekue kurasa. Hapa ninalinganisha vinne vya namna hiyo, kwa ajili ya kundi la Uganda linalotaka kuanza na lisilo na fedha za kununua kila kitu ili lijaribu.

Mazingira yetu yana masharti yake, na ni vyema yatajwe mapema. Dadu za pande sita zinapatikana popote panapouzwa ludo, kuanzia Kikuubo, sokoni Kampala, hadi duka dogo la kijijini, ilhali dadu za pande nne, nane, kumi, kumi na mbili na ishirini ni lazima mtu aziagize nje au atumie programu ya simu. Vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia ulimwengu na kuamua kanuni mezani, ndiye pekee aliyevisoma, kwa hiyo kila kanuni hupita kinywani mwake ikiwa Kiswahili, au Kiswahili kilichochanganyika na Luganda, kabla haijawafikia wengine. Kanuni inayoelezeka kwa pumzi moja itakumbukwa wiki ijayo, lakini ile inayohitaji kusomwa aya tatu kwa sauti itamrudia msimamizi kila jioni, hadi atamani kuacha.

Hata hivyo, wingi wa hesabu peke yake sio ubovu ninaouzungumzia. Watu wa hapa hawajaogopa hesabu kamwe: mchezaji mzuri wa omweso hufuatilia kichwani mbegu 64 katika mashimo 32, tena kwa kasi inayomshinda mgeni hata kutazama, na hachoki kwa sababu hesabu hiyo ndiyo mchezo wenyewe. Kanuni huwa mbovu pale hesabu inaposimamisha hadithi, inapotoa jibu linalopingana na kile ambacho ulimwengu umeahidi, au inapomfanya mchezaji mmoja awe mtazamaji kwa nusu ya jioni. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza kitabu kipi kina kanuni mbaya zaidi, nauliza ubovu wake umekaa wapi: pembeni, ambako unaweza kukatwa, kwenye msingi, huku ulimwengu ukiweza kuhamishwa, au ndani ya ulimwengu wenyewe, kiasi kwamba ukiugusa mmoja umeugusa na mwingine.

Shadowrun

Kitabu hiki kilitolewa kwanza mwaka 1989 na kampuni ya FASA ya Marekani. Katika ulimwengu wake uchawi ulirudi duniani mwaka 2011, watoto wakaanza kuzaliwa na maumbile ya viumbe wa hadithi za kale, na miaka kumi baadaye baadhi ya watu wazima wakageuka, kwa maumivu makali, kuwa majitu yenye pembe na meno yaliyotokeza. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini walitumia uchawi wa ngoma zao kujitwalia ardhi waliyonyang'anywa, Marekani ikavunjika vipande, na makampuni makubwa yakapata mamlaka ya kisheria ndani ya kuta zao kama kwamba ni nchi zinazojitegemea. Joka Lofwyr anamiliki kampuni ya Saeder-Krupp. Joka mwingine, Dunkelzahn, alichaguliwa kuwa rais mwaka 2057 na akauawa usiku ule ule wa kuapishwa kwake. Wachezaji huigiza watu wa mtaani, wengi wao wakiwa hawana namba ya utambulisho wa serikali, ambao kampuni moja huwakodi kwa siri ili waiibie nyingine.

Huu ndio ulimwengu rahisi kuliko yote kuuelezea Kampala. Mtu ambaye amewahi kurudishwa dirishani kwa sababu hana ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa, haambiwi mara mbili maana ya kuishi bila namba: huwezi kufungua akaunti, huwezi kukodi nyumba kwa jina lako, na ukiuawa hakuna ofisi itakayojua kuwa uliwahi kuwapo. Msimamizi anataja kampuni, lango, walinzi, na bwana aliyevaa suti anayelipa nusu ya fedha mapema, na meza nzima imeshaelewa.

Kanuni ndizo zinazoleta taabu. Katika matoleo ya mwanzo, mchezaji alirusha dadu kadhaa za pande sita akitafuta namba aliyopangiwa, na dadu iliyoonyesha 6 ilirushwa tena ili namba mpya ijumlishwe. Ukikaa na kuhesabu, utaona kwamba uwezekano wa kupata 6 na uwezekano wa kupata 7 ni ule ule kabisa, kwa sababu kila dadu iliyofika 6 ikirushwa tena itaongeza angalau 1. Msimamizi anayepandisha ugumu wa kazi kutoka 6 hadi 7 hajapandisha chochote. Toleo la nne, la mwaka 2005, liliondoa kasoro hiyo kwa kusema kwamba kila dadu yenye 5 au 6 ni fanikio moja, basi. Mwenye dadu 12 anatarajia mafanikio 4, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kulifahamu hilo. Toleo la sita, la mwaka 2019, lilileta kasoro ya aina nyingine: fulana ya kuzuia risasi haipunguzi madhara ya risasi, bali husaidia tu kuamua ni nani atapata pointi ya upendeleo katika pambano. Mchezaji aliyetumia fedha zake zote kununua fulana nzito anapigwa risasi na kuumia sawa na mwenzake aliyevaa shati. Katika ulimwengu unaojivunia vifaa vyake, hilo ni kosa kubwa, na sioni sababu ya kundi jipya kuanzia toleo hilo.

Tatizo maarufu zaidi la Shadowrun, hata hivyo, ni la mdukuzi. Kundi limefika kwenye ukuta wa jengo la kampuni saa nane za usiku, na kamera zinawaangalia. Mdukuzi anaingia katika mtandao, na tangu hapo yeye na msimamizi wanaanza mchezo wao wawili: anarusha dadu kuvunja mlango wa kwanza wa mfumo, programu ya ulinzi inamshambulia, anajibu, anatafuta faili la kamera, anarusha tena. Wengine watatu wamebaki ukutani. Mmoja anachaji simu, mwingine ametoa karata na anamwuliza wa tatu kama wacheze matatu. Dakika arobaini baadaye kamera zimezimika, na hakuna aliyebaki na ile hofu ya kukamatwa waliyokuwa nayo walipofika.

Ubovu huu uko pembeni, na dawa yake ni kisu. Toleo la nne lilisaidia kwa kuufanya mtandao usiotumia waya uwepo kila mahali, hivyo mdukuzi anatembea na wenzake na kufanya kazi yake papo hapo. Mimi huenda mbali zaidi: kazi nzima ya kuzima kamera iwe mrusho mmoja wa mdukuzi dhidi ya mrusho mmoja wa mfumo, mafanikio yahesabiwe, na tofauti iseme ni dakika ngapi kamera zitakaa kimya kabla mlinzi hajashtuka. Kurasa nyingi za sura ya udukuzi zinaachwa bila kusomwa, na ulimwengu haupungukiwi na kitu.

Ila kisu hicho kisiguse kila mahali. Ipo kanuni moja ambayo ni moyo wa Shadowrun: kila mtu huanza na pointi 6 za uhai wa nafsi, na kila kiungo cha mashine anachowekewa mwilini, kiwe jicho, mkono au waya wa kuharakisha mishipa, kinakula sehemu ya pointi hizo, na mchawi anayezipoteza hupoteza na uchawi wake. Katika kanuni hiyo moja umepata vita nzima ya ulimwengu huo kati ya mwili na mashine, na mchezaji anaiona kwenye karatasi yake ikipungua kila anaponunua nguvu. Ukiiondoa kwa ajili ya wepesi, utabaki na hadithi ya wezi tu. Hilo ndilo linalonifanya nisite kuhusu Anarchy, toleo jepesi la mwaka 2016: ni zuri kwa jioni mbili au tatu za kujaribu, lakini gharama ya mwili haionekani sana mezani kama inavyoonekana katika toleo la nne.

Rifts

Ikiwa Shadowrun inahitaji kisu, Rifts inahitaji kuhamishwa nyumba. Iliandikwa na Kevin Siembieda na kutolewa mwaka 1990 na kampuni yake ya Palladium Books, na sijapata kuona kitabu chenye ukarimu wa mawazo kama hicho. Karne kadhaa baada ya maangamizi makubwa, mistari ya nguvu za kichawi imeifunika dunia kama mito ya mwanga wa buluu, na pale inapokutana hufunguka nyufa zinazotapika viumbe kutoka malimwengu mengine. Atlantis imerudi juu ya bahari, ikitawaliwa na mazimwi wanaofanya biashara ya watumwa. Mexico iko mikononi mwa wanyonya damu. Katika eneo la Chicago ya zamani limesimama dola la wanajeshi waliovaa mafuvu, wanaochoma vitabu na kuwawinda wasio binadamu. Afrika ina kitabu chake, cha nne katika mfululizo wa vitabu vya dunia, kilichotolewa mwaka 1993, ambamo Misri ni milki ya Phoenix na wale wapanda farasi wanne wa mwisho wa dunia wanakaribia kukutana barani humu. Sehemu kubwa ya bara imebaki bila kuelezwa vya kutosha, na kundi la hapa linaweza kuitazama nafasi hiyo kama dosari au kama shamba la kulima lenyewe. Mimi naliona shamba: ufa unaofunguka juu ya Ziwa Nalubaale (Victoria), au kwenye vilele vya Rwenzori, haujaandikwa na mtu yeyote, na hakuna atakayekuambia umekosea.

Kanuni zake zilikuwa zimechoka hata siku zilipochapwa. Uharibifu una ngazi mbili, na pointi moja ya ngazi ya juu ni sawa na pointi 100 za ngazi ya chini. Mtu wa kawaida ana pointi makumi machache za ngazi ya chini. Kwa hiyo bastola ya leza, silaha ndogo kabisa ya askari, ikimgusa mtu asiye na deraya hakuna haja ya kurusha dadu kujua yaliyompata, na mwenye deraya, kwa upande wake, anaweza kusimama katikati ya watu mia wenye marungu na asikwaruzwe. Hakuna eneo la kati ambamo mtu huumia, huogopa na kurudi nyuma. Juu ya hayo, kitabu kile kile kinamruhusu mchezaji mmoja achague kuwa mtoto wa joka, wa pili awe rubani wa deraya kubwa inayong'aa kama kioo, yenye mzinga unaopiga kwa mrusho wa dadu tatu za pande sita mara kumi, na wa tatu awe msomi mzururaji mwenye mkoba wa vitabu, bila kumpa msimamizi njia yoyote ya kuwapa watatu hao kazi inayolingana jioni moja. Sifa za mhusika ni nane, lakini namba nyingi hazimpi faida yoyote mpaka zifike 16. Toleo la mwaka 2005 lilipanga kitabu upya, na msingi ukabaki ule ule.

Kuna wachezaji wanaoyapenda haya kwa moyo wote, na wanasema kwamba kutolingana huko ndiko ukweli wa ulimwengu uliopasuka. Nawaelewa, kwa kuwa msomi mwenye mkoba anayejua kusoma katika nchi inayochoma vitabu ni mhusika bora kuliko joka. Lakini kanuni zenyewe hazimlindi msomi huyo wala hazimpi la kufanya. Msimamizi ndiye anayembeba, na msimamizi mgeni hataweza.

Kwa bahati njema ulimwengu wa Rifts haukushikamana na kanuni zake. Ukitoa kila namba katika kitabu, nyufa bado ziko, Atlantis bado iko, na mafuvu bado yanatisha. Mwaka 2016 kampuni ya Pinnacle ilianza kuutoa ulimwengu huo kwa kanuni za Savage Worlds, na hilo ndilo toleo ninalolipendekeza bila kusita. Kila uwezo wa mhusika unawakilishwa na dadu moja, kuanzia ya pande nne hadi ya pande kumi na mbili. Mhusika muhimu huongeza dadu ya pande sita na kuchukua matokeo yaliyo bora. Akipata 4 au zaidi amefaulu. Zamu za pambano huamuliwa kwa karata za kawaida, zile zile zinazochezewa matatu, na anayepata jokari huamua mwenyewe atende lini na huongezewa nguvu. Mezani, karata hizo hufanya kazi ambayo orodha ya namba haiwezi kufanya: kila mtu anainama kutazama imeanguka ipi. Kikwazo kimoja kinabaki, nacho ni dadu za pande nne, nane, kumi na kumi na mbili, na kwa hizo simu moja katikati ya meza inatosha.

Eclipse Phase

Kitabu hiki cha mwaka 2009 kinachukua mkondo mwingine kabisa. Akili za mashine za kijeshi ziliwageuka binadamu, dunia ikaachwa, na waliookoka wametawanyika katika mfumo wa jua, kuanzia mizunguko ya karibu ya jua hadi miezi ya Zohali. Nafsi ya mtu hunakiliwa na kuhifadhiwa, mwili ni nguo anayobadilisha. Maskini waliotoroka dunia bila miili wanaishi kama nakala katika kompyuta, wakifanya kazi kwa miaka kulipia mwili wa bei nafuu. Pweza na kunguru waliopewa akili hudai haki zao. Wachezaji ni mawakala wa siri wanaopambana na vitisho vinavyoweza kummaliza binadamu, na wakifa huamka katika mwili mwingine, pengine bila kumbukumbu ya wiki iliyopita.

Kinachokitofautisha na vingine vyote ni leseni yake. Watungaji walikitoa kwa masharti yanayomruhusu mtu yeyote kunakili faili, kumpa mwenzake, na hata kukibadilisha, mradi asifanye biashara nacho, awataje watungaji, na kazi itakayotokana nacho itolewe kwa masharti hayo hayo. Kwa kundi la Uganda faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana mara ya kwanza. Faili moja linaweza kuzunguka kwa wachezaji wote bila mtu kuvunja haki ya mtu, na kundi linaweza kutafsiri sura inazozihitaji kwa Kiswahili na kuzigawa bure kwa makundi mengine. Hakuna hata kimoja kati ya vitabu vingine vitatu kinachoturuhusu kufanya hivyo.

Kanuni za toleo la kwanza hurusha dadu mbili za pande kumi kupata asilimia, na msingi huo hauna ubaya. Ubovu uko katika uwekaji wa hesabu. Mchezaji hugawa pointi 1,000 kujenga mhusika, kazi inayoweza kumaliza jioni nzima kabla ya hadithi kuanza. Kisha ulimwengu unamwambia abadilishe mwili mara kwa mara, na kila akibadilisha, namba za karatasi yake hubadilika na lazima zihesabiwe upya. Jambo linalofanya ulimwengu huu upendwe linageuka adhabu. Wachezaji hujifunza haraka, na hukataa kufa, na hukataa kusafiri, kwa kuikwepa karatasi mpya. Toleo la pili, la mwaka 2019, lilipunguza mzigo huo kwa kutumia vifurushi vilivyokwisha kupangwa wakati wa kumjenga mhusika, na kwa kuufanya mwili ulete pointi za kutumia badala ya kuvuruga kila namba. Ni bora kwa mbali.

Watungaji hao hao wametoa pia kitabu kinachoitwa Transhumanity's Fate, kinachouweka ulimwengu huu juu ya kanuni za Fate, ambazo nazo zinapatikana bure. Hapa dadu za ludo zinarudi kazini. Chukua nne. Kila dadu yenye 1 au 2 inapunguza moja, yenye 3 au 4 haibadilishi kitu, yenye 5 au 6 inaongeza moja. Matokeo yatakuwa kati ya -4 na +4, na unayaongeza kwenye ujuzi wa mhusika. Mhusika mwenyewe huelezwa kwa sentensi chache. Mchezaji anaandika "Mkimbizi wa Entebbe anayedaiwa mwili", na sentensi hiyo inamsaidia inapofaa na inamponza inapofaa. Akibadilisha mwili, sentensi ya mwili inafutwa na nyingine inaandikwa, na sentensi ya nafsi inabaki. Kwa maoni yangu mambo yameandikwa hapa jinsi ulimwengu wenyewe unavyofikiri, nafsi ikikaa mbali na mwili, na ndiyo maana nakihesabu kuwa mlango bora wa kuingilia Eclipse Phase kwa wanaoanza.

Exalted

Sina mengi ya kusema kuhusu Exalted, kwa sababu uamuzi wake ni mwepesi. Ulimwengu wake, uliotolewa na White Wolf mwaka 2001, ni wa fahari: dunia bapa yenye nguzo tano za asili, ardhi katikati, hewa kaskazini, moto kusini, maji magharibi na miti mashariki; malkia aliyeitawala kwa karne nyingi ametoweka bila maelezo; na mashujaa wa jua, waliouawa kwa usaliti zama za kale, wanazaliwa upya. Mchezaji anayeeleza tendo lake kwa ufasaha anapewa dadu za ziada, kanuni ambayo ningependa kila kundi iikope, kwa kuwa inawafaa sana watu waliolelewa katika masimulizi.

Lakini kitabu cha toleo la tatu, la mwaka 2016, kina zaidi ya kurasa 600, na sehemu kubwa yake ni vipaji vya mashujaa, kila kimoja kikiwa na kanuni yake: kurusha upya dadu zenye namba fulani, kugeuza mafanikio kuwa kitu kingine, kukataa kanuni iliyoandikwa ukurasa mwingine. Mhusika mpya huanza na vipaji 15. Wachezaji watano wanaleta mezani 75, vyote kwa Kiingereza, na msimamizi atapaswa kuvijua. Wala huwezi kuvikata, maana shujaa wa jua ni vipaji vyake. Ukiviondoa umebaki na mtu hodari mwenye upanga. Huu ndio ubovu wa namna ya tatu niliyoitaja, ulioshonwa ndani ya ulimwengu. Kuna toleo jepesi, Exalted: Essence, linalopunguza idadi ya vipaji na kuziweka aina zote za mashujaa katika kitabu kimoja, na anayeipenda dunia hii aanzie hapo.

Vikiwekwa bega kwa bega

Kwa upande wa dadu, Shadowrun inashinda bila mshindani, kwa sababu hurusha dadu za pande sita peke yake, na seti tatu au nne za ludo zinatosha meza nzima. Eclipse Phase kwa kanuni za Fate inaifuata kwa karibu. Kwa toleo lake la asilimia, vipande vya karatasi vyenye namba 0 hadi 9 ndani ya kikombe hufanya kazi ile ile hata simu ikiwa imezima na umeme haupo: chota kimoja, soma, kirudishe, chota cha pili. Rifts ya asili ndiyo yenye mahitaji mengi zaidi, na Exalted inataka dadu za pande kumi, tena nyingi kwa wakati mmoja, kitu ambacho kikombe cha karatasi hakiwezi kukitoa.

Kwa upande wa kazi ya msimamizi, mpangilio unageuka kidogo. Savage Worlds ndiyo nyepesi kuendesha baada ya jioni ya kwanza. Shadowrun iliyokatwa huhitaji maandalizi ya jengo moja kila wiki: mchoro wa sakafu, walinzi wangapi, kamera ziko wapi, na siri moja ambayo aliyewakodi hakuwaambia. Eclipse Phase haimchoshi msimamizi kwa namba, humchosha kwa maswali. Mchezaji atauliza kama nakala mbili za mtu mmoja zinaweza kurithi mali ile ile, na msimamizi lazima awe na jibu ambalo halitamrudi wiki ijayo. Kundi la wanafunzi wa sheria au falsafa litafurahi hapo kuliko mahali pengine popote. Kundi linalotaka kuchoka kwa kicheko siku ya Ijumaa lisipelekwe huko.

Jambo moja hutofautisha vitabu hivi kuliko watu wanavyotazamia, nalo ni kifo. Katika Shadowrun kifo ni cha kweli na huja haraka, hivyo wachezaji hupanga mipango mirefu, na kundi lisilopenda kupanga litakata tamaa. Katika Rifts ya Savage Worlds mashujaa huanguka na kuinuka. Katika Eclipse Phase kifo ni gharama na aibu, na wakati mwingine ni upotevu wa kumbukumbu, kwa hiyo msimamizi anayetaka kuwatisha wachezaji wake lazima atafute kitu kingine cha kuwatishia nacho: nakala iliyoibwa, deni, au rafiki asiye na akiba ya nafsi yake. Exalted haiogopi kifo hata kidogo; hofu yake ni kwamba shujaa atageuka dhalimu.

Kundi la watu wanne wasiowahi kucheza, lenye dadu za ludo na fedha za faili moja, lichukue Shadowrun toleo la nne, ikiwezekana lile la kumbukumbu ya miaka 20 lililotolewa mwaka 2009, ambalo lilisafishwa makosa mengi. Kundi lisilo na fedha kabisa lichukue Eclipse Phase, na lisione kwamba limepewa cha pili kwa ubora, kwa sababu kwa upana wa mawazo ndicho cha kwanza. Wenye watoto wakubwa nyumbani, au wanaotaka kelele, mizinga na majoka, wanunue Rifts ya Savage Worlds na waache vitabu vya zamani vya Palladium viwe vya kusomwa kwa ajili ya picha na ramani, kazi ambayo bado vinaifanya vizuri sana. Exalted imfae msimamizi aliyekwisha kuendesha michezo miwili mitatu hadi mwisho, mwenye wachezaji watatu tu, ambao kila mmoja wao yuko tayari kusoma vipaji vyake mwenyewe na kuviandika kwa Kiswahili katika daftari lake kabla ya kuja mezani.